Vita vya Maonyesho, Historia Hai au Akiolojia ya Majaribio: Uchague Njia Ipi?

Mtu anayeipenda historia kiasi cha kutaka kuivaa, kuipika na kuifua kwa nyundo ana njia tatu kubwa mbele yake. Ya kwanza ni vita vya maonyesho: mamia au maelfu ya watu waliovaa sare za zamani hukutana uwanjani na kuyarudia mapigano yaliyowahi kupiganwa. Ya pili ni historia hai: unakaa kambini, jikoni au katika karakana ya zama fulani, unafanya kazi za zama hizo, na wageni wanakuja kukutazama na kukuuliza maswali. Ya tatu ni akiolojia ya majaribio, ambako watu hujenga, hufuma, hulima au husafiri kwa zana za kale ili wajue jambo ambalo maandishi na mabaki peke yake hayakuwaambia. Zote tatu hupokea watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine katikati ya wiki, na zote tatu hudai kwamba zinahifadhi urithi na kuelimisha umma.

Dai hilo lina ukweli, ila kwa viwango tofauti sana. Wengi wanaoingia katika hobi hii huvutwa na macho: farasi, mizinga, deraya inayong'aa. Ushauri wangu ni kuchagua kwa maswali magumu zaidi. Watazamaji wakisharudi makwao, wameelewa nini ambacho asubuhi hawakukielewa? Na mahali palipofanyika onyesho, pamepata nini au pamepoteza nini? Nitazipima njia hizi kwa maswali hayo mawili kwanza, kisha nije kwenye mfuko, muda na mwili, ambavyo navyo huamua mengi.

Mtazamaji anaondoka na nini

Kwa jambo moja vita vya maonyesho havina mshindani, nalo ni ukubwa. Juni 2015, miaka 200 baada ya Napoleon kushindwa Waterloo, waigizaji wapatao 5,000 na farasi wapatao 300 walikusanyika Ubelgiji kuyarudia mapigano ya tarehe 18 Juni 1815. Kitabu kinaweza kukueleza kwamba makamanda wa zama zile walipoteza udhibiti wa vikosi vyao vita vikiwa vimepamba moto. Ukisimama kando ya safu mbili za magobori, unaelewa sababu kwa dakika chache: baruti nyeusi hutoa moshi mzito mweupe, na baada ya milio kadhaa huioni tena bendera ya kikosi kilicho karibu nawe. Hapo ndipo ngoma, tarumbeta na rangi kali za sare zinapopata maana. Askari alihitaji kitu cha kusikia na kitu cha kuona ndani ya moshi. Unaelewa pia kwa nini watu walisimama bega kwa bega mbele ya risasi, jambo ambalo kwa macho ya leo linaonekana kama wazimu. Gobori lenye mtutu laini halikulenga vizuri kwa mbali, kwa hiyo nguvu yake ilikuwa katika kufyatuliwa mengi kwa pamoja.

Hilo ni somo la kweli, na sijaona kitabu wala kabati la makumbusho linaloweza kulifundisha vizuri hivyo. Tatizo ni yale yasiyoonekana. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, takriban theluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi: kuhara, homa ya matumbo, nimonia, surua. Vita vya maonyesho hukuonyesha ile theluthi iliyobaki, tena kwa haraka, na mwishoni walioanguka husimama na watu hupiga makofi. Sababu za vita ni ngumu zaidi kuonyeshwa uwanjani. Kasoro hii ni ya tangu zamani. Mwaka 1913, wapiganaji wa zamani zaidi ya 50,000 walirudi Gettysburg kuadhimisha miaka 50 ya mapigano yale, na wazee wa pande zote mbili walikutana kwenye ukuta wa mawe ulioshambuliwa mwaka 1863 wakapeana mikono. Rais Woodrow Wilson alipohutubia alisema ugomvi umesahauliwa. Utumwa, ambao ndio ulioleta vita, haukuguswa. Kupeana mikono kule kuliwagusa wengi, lakini aliyetazama bila kujua historia aliondoka bila kujua watu wale walikuwa wamegombania nini.

Historia hai hupata watazamaji wachache kwa wakati mmoja, lakini ina mazungumzo. Mtoto anamsogelea daktari wa kambi aliyepanga misumeno yake mezani, anauliza askari walikuwa wanajisaidia wapi. Swali hilo moja likijibiwa vizuri linampeleka kwenye shimo lililochimbwa karibu mno na chanzo cha maji, kisha kwenye maji yenyewe, kisha kwenye ile theluthi mbili ya vifo ambayo uwanja wa vita hauwezi kuionyesha. Mwanamke anayesokota sufu kwa mkono hahitaji hotuba kueleza thamani ya nguo zamani. Mgeni anashika uzi, anajaribu mwenyewe, uzi unakatika, na anaanza kuhesabu kichwani ingechukua siku ngapi kupata shati moja. Kwa upande wa elimu, naiweka njia hii juu ya ile ya kwanza, kwa sharti moja: anayejibu awe amesoma. Mwigizaji wa vita akiwa hajui mengi, msimulizi mwenye kipaza sauti anaweza kumfichia. Kwenye meza ya daktari hakuna wa kukufichia.

Ukiingia katika historia hai utatakiwa kuamua jambo jingine mapema: utasema kwa nafsi ya kwanza au ya tatu? Kwa nafsi ya kwanza wewe ndiye mkulima wa karne ya 17, na mgeni akitaja simu hujui anasema nini. Kwa nafsi ya tatu umevaa mavazi yale yale, lakini unasema "wao walifanya hivi", na unaweza kutaja yaliyotokea baadaye. Mahali pazuri pa kuona tofauti hiyo ni makumbusho ya Plimoth Patuxet, jimbo la Massachusetts, yaliyoanzishwa mwaka 1947. Katika kijiji cha walowezi wa Kiingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wafanyakazi husema kama wanakijiji wenyewe. Upande wa makazi ya Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, wafanyakazi huvaa mavazi ya jadi lakini husema kama watu wa leo. Wana sababu nzito. Watu wao wapo hadi sasa, na wanataka kuzungumzia maradhi, vita na ardhi iliyopotea, mambo ambayo mtu wa miaka ya 1620 asingeweza kuyasimulia yote kwa sababu mengi yake yalikuwa bado mbele yake.

Nafsi ya kwanza inasisimua, na kwa mambo mepesi inafaa sana. Kwa mambo mazito inahitaji mikono iliyofundishwa. Colonial Williamsburg, mji wa Virginia ulioanza kukarabatiwa mwaka 1926 kwa fedha za John D. Rockefeller Jr., ulipata sifa kwa nyumba zake nzuri muda mrefu kabla haujasimulia ipasavyo kwamba karibu nusu ya wakazi wake wa karne ya 18 walikuwa Weusi, wengi wao watumwa. Tarehe 10 Oktoba 1994 wafanyakazi wa makumbusho hayo waliigiza mnada ambamo watu waliuzwa. Waandamanaji walifika kupinga, wakihofia maumivu ya mababu zao yangegeuzwa burudani. Aliyeongoza kazi ile, Christy Coleman, alisimama mwenyewe mnadani akiwa mmoja wa waliouzwa, na mmoja wa viongozi waliokuja kupinga alibadili msimamo wake baada ya kutazama. Ninachokiona hapo ni kwamba jambo lile liliwezekana kwa sababu lilibebwa na wataalamu waliolifanyia utafiti na waliokuwa na haki ya kulisimulia. Kundi la wapenzi wa wikendi lisijaribu kuiga mnada huo. Libaki kwenye nafsi ya tatu na lieleze kwa heshima.

Hata hivyo, umbo la vita vya maonyesho lenyewe linaweza kubeba simulizi nyingine kabisa likichaguliwa tukio jingine. Novemba 2019 msanii Dread Scott aliongoza mamia ya watu katika jimbo la Louisiana kuyafuata tena maandamano ya watumwa walioasi mwaka 1811. Walitembea siku mbili, takriban kilomita 42, wakiwa na mapanga na magobori, wakipita kando ya viwanda vya kemikali vilivyosimama palipokuwa mashamba ya miwa. Wengi waliotazama hawakuwahi kusikia habari za uasi ule. Kwa hiyo nikisema vita vya maonyesho vinafundisha machache, nazungumzia vile vinavyorudia mapigano yale yale maarufu mwaka baada ya mwaka.

Akiolojia ya majaribio iko tofauti, kwa sababu mwanafunzi wa kwanza ni mshiriki mwenyewe, na wakati mwingine ni dunia nzima ya wataalamu. Wanaakiolojia wa Uingereza walikuwa wamefukua mashimo mengi ya Enzi ya Chuma kwenye vilima, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba watu walihifadhi nafaka ndani ya ardhi yenye unyevu. Katika shamba la Butser, lililoanzishwa mwaka 1972 na kuongozwa na Peter Reynolds, walichimba mashimo kama yale, wakayajaza nafaka na kuyaziba kwa udongo. Punje zilizogusa kuta zenye unyevu zilianza kuota, zikatumia oksijeni iliyokuwemo na kutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ikazilaza punje nyingine zote. Shimo lilipofunguliwa baada ya majira ya baridi, sehemu kubwa ya nafaka ilikuwa salama na bado iliweza kupandwa.

Mfano mwingine ni Olympias, meli ya kivita ya Kigiriki ya kale iliyojengwa upya na kuingizwa majini Ugiriki mwaka 1987. Wataalamu walikuwa wamebishana kwa vizazi kama kweli safu tatu za makasia zingeweza kufanya kazi pamoja bila kugongana. Wapiga makasia 170 wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, walionyesha kwamba inawezekana, na kwa muda mfupi waliifikisha meli kasi ya takriban noti 9, yaani karibu kilomita 17 kwa saa. Walionyesha pia kwamba walikuwa wamebanana mno kuweza kuvuta kwa urefu kamili wa mikono, na hilo likawarudisha wataalamu kwenye swali la urefu wa dhiraa iliyotumiwa na wajenzi wa kale. Hao hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wenye mabega na subira, na mabega yao yaligundua kosa la vipimo.

Niongeze tahadhari moja. Kujenga kibanda cha kale na kulala ndani yake usiku mmoja hakujawa jaribio. Jaribio lina swali lililoandikwa kabla, vipimo vinavyochukuliwa wakati wa kazi, na daftari ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma akarudia kazi hiyo. Huko Lejre, Denmark, waliteketeza nyumba ya mfano ya Enzi ya Chuma mwaka 1967, kisha wakaja kuyafukua mabaki yake mwaka 1992, ili waone moto unaacha alama gani ardhini na miaka 25 inafuta zipi. Ukijiona huna moyo wa kusubiri namna hiyo, njia ya tatu itakuchosha.

Mahali panapata nini, panapoteza nini

Hapa mpangilio unageuka, na ndipo wengi wanapokosea kuchagua.

Vita vya maonyesho huleta fedha. Watu hulipa kiingilio kuona mizinga kuliko wanavyolipa kuona mtu akisokota uzi, na fedha hizo zimewahi kununua ardhi. Wakfu wa uwanja wa vita wa Cedar Creek huko Virginia ulianzishwa mwaka 1988 ili kuiokoa ardhi ya mapigano ya tarehe 19 Oktoba 1864 isijengwe, na onyesho lake la kila mwaka lilikuwa nguzo ya uchangishaji. Ardhi ikishafunikwa na maegesho ya magari haina wa kuirudisha, kwa hiyo sidharau hata kidogo fedha hizi.

Lakini maonyesho hayo hayo yanaweza kuiharibu ardhi yanayodai kuilinda. Mwaka 1961, miaka 100 baada ya mapigano ya kwanza ya Bull Run, waigizaji na makumi ya maelfu ya watazamaji walimiminika kwenye uwanja wenyewe wa mapigano hayo, Manassas. Lawama zilizofuata zilichangia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani kukataza mapigano ya kuigiza kwenye viwanja vya vita inavyovisimamia. Kufyatua gobori kwa maonyesho, kufanya gwaride au kuweka kambi huruhusiwa. Pande mbili kurushiana milio na watu kujifanya wamekufa, hapana. Naiona sheria hiyo kuwa ya busara, na sababu yake ya heshima kwa waliofia pale inatosha peke yake.

Ipo sababu nyingine ambayo waigizaji wapya hawaifikirii. Uwanja wa vita ni hati iliyoandikwa kwa vyuma vidogo. Baada ya moto wa nyasi wa mwaka 1983 kuufichua uwanja wa Little Bighorn, Marekani, wanaakiolojia walipita na vifaa vya kutambua metali kuanzia 1984, wakaandika kila ganda la risasi na mahali lilipolala. Kwa alama za kifyatulio kwenye maganda waliweza kufuata bunduki moja moja kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine, na kuyapanga upya mapigano ya mwaka 1876. Huko Uingereza, uwanja wa Bosworth, alikouawa Mfalme Richard III mwaka 1485, ulipatikana kwa njia hiyo hiyo: risasi za mizinga na vitu vidogo vilivyofukuliwa vilionyesha kwamba mapigano yalikuwa takriban kilomita tatu kutoka mahali palipodhaniwa kwa muda mrefu. Sasa waza juu ya uwanja ambao kila mwaka watu mia tano huangusha vifungo, fataki na vipande vya shaba vilivyotengenezwa kwa ustadi kufanana na vya asili. Kadiri unavyovaa kwa usahihi, ndivyo unavyoichafua hati hiyo zaidi. Kundi linaloijali historia hucheza kwenye shamba la jirani, hukagua ardhi baada ya onyesho, na halina haja ya kuambiwa sababu.

Historia hai huathiri mahali kwa upole zaidi. Kibanda kinachokaliwa, jiko linalowashwa na paa linaloezekwa upya huonekana kasoro zake mapema kuliko jengo lililofungwa kwa kufuli. Hatari yake ni moto, na tamaa ya kutumia vitu vya asili kwa sababu vinapendeza. Chungu cha miaka 300 hakipikiwi, upanga wa asili hauchezewi. Tengeneza nakala, ya asili iache kwenye kabati. Kundi likikuambia "hiki ni cha kweli, shika tu", kuwa na wasiwasi nalo.

Njia ya tatu huhifadhi kitu ambacho hakiwekeki kabatini, yaani ujuzi wa mikono. Tangu mwaka 1997, mafundi wa Guédelon katika eneo la Burgundy, Ufaransa, wanajenga ngome ya mtindo wa karne ya 13 kwa zana za karne ya 13. Wachonga mawe, mafundi seremala, wahunzi na wafinyanzi wa vigae hufanya kazi mbele ya wageni, kiingilio cha wageni ndicho kinachoendesha ujenzi, na watu wa kawaida wanaweza kuomba kushiriki kwa siku chache. Kwa miaka mingi waliuliza maswali ambayo yalionekana hayana faida: boriti ya mwaloni mbichi inachongwaje kwa shoka ili ifuate nyuzi za mti? Kisha tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris likateketea. Ilipoamuliwa kwamba paa lile la mbao lijengwe upya kama lilivyokuwa, miongoni mwa walioitwa walikuwa maseremala waliojifunza kazi hiyo Guédelon. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi namna hiyo kwamba kurudia kazi ya kale kwa mikono ni uhifadhi kamili, na kwamba usipofanywa kabla ya hatari kuja, hatari ikija umechelewa.

Mfuko, muda na mwili

Vita vya maonyesho ndivyo rahisi kuanza na ghali kuendelea. Makundi makubwa huwa na mavazi ya kuazima, unafika, unafundishwa hatua za gwaride, na wikendi ile ile uko kwenye safu. Baadaye unataka gobori lako, sare yako, hema lako, na safari za mbali. Silaha zina sheria, na hutofautiana kwa nchi: Uingereza, kwa mfano, kumiliki baruti nyeusi kunahitaji kibali cha polisi. Kama hutaki mambo ya baruti, vita vya karne ya 17 vina nafasi nyingi za wabeba mikuki mirefu, na chama kama Sealed Knot, kilichoanzishwa na Peter Young mwaka 1968, kina askari wengi wa aina hiyo. Mwili wako uwe tayari kusukumana. Usalama usiufanyie mzaha: kundi zuri huwa na sheria za kutolenga uso, kutoshambulia kichwa kwa upanga, na kukagua silaha kabla ya kila onyesho. Ukihudhuria mazoezi na usisikie sheria hizo zikitajwa hata mara moja, ondoka.

Historia hai hudai kusoma kuliko kununua. Nguo za mtu wa kawaida wa kitani na sufu ni nafuu kuliko sare ya afisa, na mtu wa kawaida ndiye ambaye watazamaji hawajamwona vya kutosha. Ni njia inayofaa familia, wazee, na yeyote ambaye magoti yake hayapendi kukimbia uwanjani. Akiolojia ya majaribio mara nyingi haikudai hata mavazi. Inakudai muda, daftari na uvumilivu wa kufanya kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi.

Kipindi nacho kina bei yake. Kadiri unavyorudi nyuma, ushahidi unapungua na nafasi ya kubuni inaongezeka. Deraya ya mabamba ya askari wa Kirumi, kwa mfano, ilieleweka vizuri baada ya hazina ya Corbridge, Uingereza, kufukuliwa mwaka 1964, na mtaalamu wa deraya za kale H. Russell Robinson akatumia mabaki yale kuonyesha jinsi mabamba yalivyoshikana kwa mikanda ya ngozi. Kundi la Ermine Street Guard, lililoanza mwaka 1972 kwa ajili ya sherehe ya kijiji, lilitengeneza na kuvaa nakala za aina hiyo na likawa jina linaloheshimiwa katika utafiti wa jeshi la Kirumi. Ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuanza na onyesho akaishia kwenye maarifa. Ukichagua karne ya 19, una picha, barua na sare halisi za kulinganisha, kwa hiyo kosa lako halina pa kujificha. Ukichagua Vita Kuu ya Pili, kuna watu walio hai walioumizwa navyo. Baadhi ya maonyesho hukataza kabisa sare za SS, jeshi la chama cha Wanazi, na naunga mkono.

Mtu gani, njia gani

Ukiwa kijana mwenye nguvu, unapenda kuwa sehemu ya kundi kubwa na una wikendi za kusafiri, chagua vita vya maonyesho, lakini tafuta kundi linalotumia nusu ya siku kambini likizungumza na wageni. Ukiwa mwalimu, mzazi, au mtu anayefurahia kuona uso wa mtoto unapobadilika baada ya jibu zuri, chagua historia hai, na uanze na nafsi ya tatu. Ukiwa fundi, mkulima, mpishi au mtu asiyetulia mpaka ajue kitu kilifanyikaje, nenda kwenye majaribio. Kwa anayeniuliza bila kujieleza zaidi, jibu langu ni historia hai pamoja na kazi moja ya mikono inayofanywa vizuri: kusokota, kufua chuma, kuoka, kushona viatu. Kazi hiyo itakufungulia mlango wa majaribio baadaye, na makundi ya vita yatakuhitaji kambini pia.

Kabla ya kujiunga, uliza kundi mambo machache. Michango ya maonyesho huenda wapi, na mara ya mwisho ilikwenda kwa nani? Mnacheza kwenye uwanja wa asili au jirani yake? Nani husoma na kusahihisha mnachowaambia wageni? Na uliza nani anaruhusiwa kusimama wapi. Mwaka 1989 mwanamke aliyevaa kama askari wa kiume alifukuzwa kwenye onyesho la uwanja wa Antietam, uwanja wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Alishtaki, na mwaka 1993 mahakama ikaamua kwamba alibaguliwa. Historia yenyewe ilikuwa upande wake, maana mamia ya wanawake walipigana vita ile wakijifanya wanaume. Mmoja wao, Sarah Rosetta Wakeman, alitumikia katika kikosi cha 153 cha New York na kufa kwa maradhi mwaka 1864, na barua alizowaandikia wazazi wake zimehifadhiwa hadi leo. Kundi linalomkataza mwanamke kubeba gobori kwa madai ya usahihi halijasoma barua hizo, na mtu wa namna hiyo si wa kukufundisha historia.